Kobe yupo sebuleni, jua lipo nje!

Mwandishi wenu yupo hapa hapa Ruangwa, jua linawaka ile mbaya, na leo ana neno na vijana wenzake waliopata vijisenti vya ufuta na korosho, wakajenga au wakapanga nyumba ya kisasa, halafu wakaona makochi na televisheni ya ukutani havitoshi mpaka sebuleni awepo na mnyama.

Siyo paka, jamani. Paka kapitwa na wakati, eti. Siku hizi ukitaka mgeni akifika ashike mdomo, unaweka kobe. Unatafuta tangi la kioo la kufugia samaki, unamwaga mchanga kidogo, jiwe moja, ua la plastiki, na kobe wako anakaa katikati kama kigogo mstaafu. Unampiga picha mbili tatu, unazirusha kwenye simu, watu wanakusifia kwamba wewe mtoto wa mjini kweli kweli. Nasikia huko Dar wapo mpaka wenye vinyonga. Hapa kwetu kinyonga hapiti, wazee wengi hawataki hata kumuona kwenye ua.

Sawa. Mimi swali langu ni moja tu: huyo kobe jua analipata wapi?

Nikiuliza hivyo kijiweni wananicheka mpaka kahawa inamwagika. Jua? Hapa Ruangwa? Mji wenyewe upo kama nyuzi 10 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 20 Oktoba na tena mwishoni mwa Februari, jua la adhuhuri linakusimamia utosini, kivuli chako unakikanyaga mwenyewe. Na hiyo Oktoba mvua bado, majani yamekauka, mbwa anatembea akifuata ukuta. Hata mashabiki wa Namungo wakienda Uwanja wa Majaliwa wanawahi mapema kutafuta pa kukwepa jua. Sasa nani atakuelewa ukisema kuna kiumbe hapa hapa anakufa kwa kukosa jua?

Lakini yupo. Anakufa ndani, nyuma ya kioo, na jua lenyewe lipo hatua tatu nje ya dirisha.

Ngoja niwape darasa kidogo, msikimbie. Sisi jua tunalijua kwa mambo mawili: linaangaza na linachoma. Lina na la tatu ambalo jicho halilioni, wanaliita mionzi ya urujuanimno. Wataalamu wameigawa mafungu, na fungu linalomhusu kobe linaitwa UVB. Hiyo UVB ikigusa ngozi, mafuta fulani yaliyomo humo yanaanza kugeuka vitamini D3, joto la mwili linaendeleza kazi, kisha ini na figo vinamalizia. Bila hiyo D3, utumbo haunyonyi kalsiamu ya kutosha, hata umlishe kobe kalsiamu kwa sinia.

Na gamba la kobe, kama hukujua, siyo kofia aliyoivaa. Ni mifupa. Uti wa mgongo na mbavu zimeungana nalo, huwezi kumvua. Kalsiamu ikipungua kwenye damu, mwili unakwenda kuichukua huko huko kwenye mifupa. Ni kama mtu anayechomoa tofali za ukuta wa nyuma ili azibe ufa wa mbele. Kwa mwaka mmoja mgeni haoni kitu.

Binadamu naye anayo hii. Mtoto anayefungiwa ndani miaka yote, jua halimgusi, anaweza kupata matege. Basi kobe naye ana matege yake: gamba linakuwa laini, miguu inakosa nguvu, mdomo unapinda, anashindwa hata kunyanyua tumbo, anajikokota kama gari lenye pancha nne.

Sasa mchawi wa hadithi hii ni kioo. Kioo cha kawaida cha dirisha kinapitisha mwanga, kinapitisha na joto, lakini UVB karibu yote kinaikatalia mlangoni. Hivi vioo vyetu vya giza vya madirisha ya aluminiamu, ambavyo kila mtu Ruangwa anavitaka tangu hela ya korosho ichangamke, ndiyo kabisa. Unamuona kobe amesogea dirishani, amenyoosha shingo, kafumba macho, unasema babu wa watu anaota jua. Anaota kweli, lakini ni kuota kwa ndotoni.

Nina jirani yangu mmoja, mimi namwita braza kwa sababu kanizidi umri na kanizidi hela. Mtu mwema, ananunua ufuta, hana makuu. Siku wanasafisha chini ya mikorosho shambani kwake, vibarua wakaokota kobe mdogo, ukubwa wa kisosi, mwenye mabaka ya njano na nyeusi kama chui. Akamleta nyumbani kwa binti yake wa miaka sita. Mtoto akampa jina la Babu. Babu akawekewa tangi la kioo sebuleni, akawa anakula mchicha, nyanya, na, Mungu atusamehe, mkate wa asubuhi na chai ya watu wazima. Akakaa humo mwaka na nusu.

Braza siyo kwamba hakujali. Kuna mtu alimwambia kobe anahitaji taa, akaagiza Dar, ikaja na basi: glopu nyekundu, bei ya mbuzi, na maelezo ya muuzaji kwamba hilo ndilo jua la kobe. Usiku sebule yote nyekundu kama ukumbi wa disko. Nilipokwenda kumsalimia nikamtoa Babu kwenye tangi, nikamgeuzia kiganjani, nikabonyeza gamba kwa kidole gumba. Likabonyea. Kama kifuniko cha kidumu cha mafuta ya kula.

Hapo ndipo nikaanza kuulizia habari za taa, na nimejifunza mambo. Glopu nyekundu inatoa joto, basi. Enajisava inatoa mwanga. Tyubulaiti ya dukani, ile ya barazani kwa shangazi, inatoa mwanga. Hakuna hata moja kati ya hizo inayotoa UVB ya kumtosha kobe. Taa za UVB ni kitu kingine kabisa. Zipo tyubu zake maalumu na zipo glopu za mvuke wa zebaki, kioo chake kimetengenezwa ili kipitishe kile ambacho kioo cha dirisha kinazuia. Na zina tabia moja ya kitapeli: UVB inafifia baada ya miezi kadhaa, mara nyingi kati ya sita na kumi na mbili, lakini taa inaendelea kuwaka kama kawaida. Wewe unaona nyeupee, kobe anaona giza. Wafugaji wa Ulaya wanabadilisha kwa kalenda, hawasubiri iungue, na wenye uwezo wana kipimo cha mkononi cha kuisoma. Tena ukiiweka juu ya kifuniko cha kioo au cha plastiki, umenunua pambo.

Wenzetu wa huko tusiwacheke, hawana jinsi. Mwaka 1988 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba jijini Boston, tangu Novemba mpaka Februari, jua la pale halitengenezi vitamini D kwenye ngozi, hata siku liwe limetoka zuri namna gani. Linapita chini mno angani. Mtu wa huko akifuga mjusi wa Tanzania lazima anunue jua dukani.

Na mijusi ya Tanzania huko ipo, msidhani natania. Kuna mjusi mdogo wa buluu, dume lake buluu ya kung'aa kama rangi ya gari jipya, asili yake ni msitu wa Kimboza kule Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, na vipande vichache vya misitu ya jirani. Dunia nzima hana kwao kwingine. Anaishi kwenye mikadi, na wakamataji walikuwa wanakata mkadi mzima ili wamfikie. Alipelekwa Ulaya kwa maelfu mpaka mwaka 2012 akaandikwa kuwa yuko kwenye hatari kubwa kabisa ya kutoweka, na mwaka 2016 nchi za mkataba wa CITES zikapiga marufuku biashara ya wale wanaokamatwa porini. Mwaka huo huo serikali yetu nayo ilifunga usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Mjusi wetu yuko Ujerumani kwenye sanduku la kioo, juu yake taa ya bei mbaya inajitahidi kuiga asubuhi ya Morogoro. Na wewe wa Ruangwa, asubuhi yenyewe unayo mlangoni, unafunga pazia.

Wanyama wenyewe hawahitaji kufundishwa. Watazame wale mijusi wanaopiga pushapu juu ya ukuta, wenye kichwa cha rangi. Asubuhi wako upande wa mashariki, jua likikolea wanahamia kwenye kivuli, jioni wanarudi. Kinyonga ndiyo kiboko. Mwaka 2009 watafiti walichapisha habari za vinyonga wa Madagaska: aliyepewa chakula chenye vitamini D3 kidogo alijitokeza kwenye UVB kwa muda mrefu, aliyeshiba D3 akajipunguzia mwenyewe. Hana shule, hana kipimo. Anachohitaji ni kuachiwa nafasi ya kuchagua kati ya jua na kivuli, na hiyo ndiyo nafasi ambayo tangi la sebuleni limemnyima.

(Msije mkaniuliza habari za mjusi kafiri wa kwenye taa za barazani. Yule ni mtu wa usiku, maisha yake mengine, hakulipi kodi na hahitaji ushauri wangu.)

Braza siku hiyo hiyo alitaka kumtoa Babu nje na tangi lake. Saa saba mchana! Nikamwambia kaka, utatuletea supu. Tangi la kioo juani ni tanuri. Kobe hatoi jasho kama wewe, njia yake ya kupoa ni kuhama, na humo ndani hana pa kuhamia. Hata nje ya tangi, kobe akipinduka chali kwenye saruji saa hizo na hakuna mtu wa kumgeuza, jioni humkuti.

Tukafanya hivi. Fundi akapiga fremu ya mbao bila chini, kama dirisha kubwa lililolazwa, juu wavu wa kuku kwa ajili ya mbwa na mwewe. Ikawekwa uani penye nyasi, nusu juani, nusu chini ya mwembe. Kigae kilichovunjika kikainamishwa kuwa nyumba. Sufuria ya maji iwe fupi, maji yasipite kidevu cha kobe. Asubuhi anatolewa jua likishapanda, kuanzia saa mbili hivi. Lile la saa moja ni tamu, linampasha moto, lakini UVB yake ni kidogo, kwa sababu miale inakuja kwa mshazari na kupita kwenye hewa nyingi. Kuanzia saa tano anajificha mwenyewe, mwacheni. Jioni tena mpaka jua lipungue. Siku ya mawingu bado anatoka, sehemu ya UVB inapenya. Juni na Julai, tunapovaa majaketi, anatoka vilevile. Jua la baridi ya Ruangwa bado linafanya kazi, siyo kama la Boston.

Chakula nacho kikabadilika: nyasi kwanza, magugu ya bustanini yasiyopigwa dawa, na unga wa ganda la yai lililooshwa na kukaushwa. Mkate marufuku. Na msikimbilie duka la dawa kununua vitamini D ya binadamu mkamkamulia. D3 ya kumeza ikizidi ni sumu, kalsiamu inakwenda kuganda pasipotakiwa. Ya jua haizidi, ngozi yenyewe inajua kuivunja inayobaki.

Kama wako ni yule mwingine, mwenye gamba la kahawia ambaye akiogopa anafunga mlango wa nyuma kwa bawaba yake, mpunguzie makali. Huyo anapenda kivuli, unyevu na majani yaliyooza kuliko mwenye mabaka. Jua analitaka la kupenya kwenye majani, siyo la uwanja wa mpira.

Wiki ya tatu Babu alianza kunyanyua tumbo. Hatua nne, anakaa. Hatua sita, anakaa. Mtoto akawa anamhesabia. Lakini gamba bado lilikuwa linabonyea, na mimi nikarudia neno ambalo nilikuwa nimelisema tangu mwanzo na braza akajifanya hasikii: mpeleke kwa bwana mifugo.

Akanyamaza. Akawasha sigara. "Dogo," akasema, "nikienda naye wataniuliza nimemtoa wapi."

Na hapo, wapenzi, ndipo penye mfupa. Kobe wa porini siyo kuku. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, namba 5 ya mwaka 2009, inasema wanyamapori ni mali ya umma, na dhamana yake iko kwa Rais. Ukimwokota shambani kwako, chini ya mkorosho wako, bado siyo wako. Kumweka nyumbani kunahitaji kibali, na wahusika ni TAWA na ofisi ya wanyamapori ya wilaya. Wengi hawajui. Wanaojua wanaogopa, na woga huo unawaua wanyama kwa wingi: kobe anaumwa, mwenye nyumba anaogopa kujitangaza, anamfunika na kanga mpaka afe, halafu anazikwa usiku nyuma ya choo kama haramu. Nimesikia ya kobe wawili wa namna hiyo hapa hapa mjini.

Wengine wanasema basi nitamrudisha porini kimya kimya. Kobe mwenye gamba laini unayemtupa porini umempelekea fisi chakula. Na mzima aliyekaa na kuku na mbwa wako anaweza kubeba maradhi akawapelekea wenzake. Si kila kurudisha ni wema.

Nilimwambia braza, wewe ukijipeleka mwenyewe na mnyama wako mkononi, siyo sawa na kukamatwa naye kwenye gunia stendi. Mkewe akaniunga mkono, tena kwa sauti. Mtoto alilia siku mbili, na hilo braza lilimuuma kuliko faini yoyote ambayo angeweza kupigwa.

Jumatatu walikwenda wote watatu kwa Bwana Nyama, Babu ndani ya beseni lenye nyasi. Mimi nilibaki nje kwenye benchi. Walikaa kama saa moja. Kwa maelezo ya braza, yule mzee aliandika, akauliza, akaandika tena, akamsema sana, tena mbele ya mtoto. Akambonyeza Babu kama nilivyombonyeza mimi, akatikisa kichwa. Akasema gamba likipata jua na chakula kwa miezi litakaza, ila lile umbo lililokwisha kupinda halitanyooka tena. Akauliza fremu ya mbao alipiga fundi gani. Babu akabaki pale, beseni wakarudi nalo.

Binti anaruhusiwa kwenda kumuona Jumamosi. Juzi karudi na habari: hatua kumi na tisa bila kukaa. Lile tangi la kioo limewekwa samaki sasa, na glopu nyekundu braza anaiuza, kama kuna mwenye vifaranga vya kuku anayetaka joto la usiku amtafute.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tunahamia kwa wafuga njiwa. Barua zenu nimezipata, mmoja mmoja nitawajibu.